Sinema Iliyokatikia kwa Mtu wa Saba

Sifa zote ni za Mungu aliyeanza kazi yake kwa kutenga nuru na giza, na ambaye hakuchoka na mtu aliyekaa muda mrefu katikati ya hivyo viwili. Namshukuru kwa kichwa hiki ninachofikiri nacho, kwa mkono wa kushoto unaoshika karatasi huku wa kulia ukiandika, na kwa asubuhi ya leo hapa Ekerenyo, ukungu ungali umelala juu ya majani chai na mke wangu ananiita ninywe uji kabla haujapoa. Nitakunywa. Kwanza niandike.

Naandika kwa sababu ya siku mbili nilizolala katika hospitali moja mjini Kisii, nikimwogopa daktari aliyepaswa kuniokoa. Niliogopa kwamba angelipiza kisasi. Na kisasi hicho, jinsi nilivyokiona nikiwa kitandani, hakikuwa na rangi. Kilikuwa cheusi na cheupe, kama sinema niliyoitazama nilipokuwa kijana niliyemaliza shule juzi tu.

Sinema hiyo ililetwa sokoni kwetu na gari la kutangaza sabuni. Mara nyingi magari kama hayo yalionyesha picha uwanjani jua likishazama, lakini siku hiyo mawingu yalikuwa mazito, kwa hiyo wakaingia katika ukumbi wa mikutano alasiri na kuziba madirisha kwa mablanketi na magunia. Magunia yalikuwa na matundu. Nayakumbuka matundu yale kuliko karibu kila kitu kingine. Mwanga wa saa tisa uliingia kama nyuzi, vumbi likaelea ndani yake polepole, na vichwa vya watu waliokaa mbele yangu vikawa kama mawe unayoyaona chini ya maji. Ukutani palikuwa na shuka.

Kwenye shuka wazee saba waliketi nyuma ya meza ndefu, wote wakicheka. Mbele yao alisimama mtaalamu mmoja mwembamba mwenye makaratasi mkononi. Hatukujua walisema nini, maana kipaza sauti kilikuwa kibovu na Kiingereza chenyewe kilituzidi, lakini kicheko hakihitaji mkalimani. Waliyachana makaratasi yake. Mdogo wao kwa umri aliinuka akamfungulia mlango atoke. Yule mtu akaenda kuishi katika nyumba iliyokuwa juu ya mwamba, pamoja na taa yake na chupa zake na visu vyake, nywele zikageuka nyeupe, akangoja. Baada ya miaka wale wazee wakaanza kuugua vichwa, mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja alipozinduka alijikuta amelazwa chini ya taa inayobembea, na uso ule mwembamba ukimshukia, ukimshukia, mpaka akautambua.

Nafikiri mahali pengine watu walipiga mayowe hapo. Sisi hatukupiga.

"Ananyoa vizuri," mama yangu alimwambia jirani yetu. Walikuwa wamekaa benchi la mbele yangu.

"Huyo ni omobari," jirani akasema. "Tazama anavyoshika kichwa. Huyo amefundishwa na babake."

Kwetu omobari ni mtu anayefungua vichwa. Mtu akigongwa, kisha kichwa kikamuuma miezi na miaka, omobari hupasua ngozi, hukwangua mfupa kidogo kidogo mpaka aone kilichoharibika, hukitoa, hufunga. Kazi hiyo ilikuwako kabla ya barabara na kabla ya hospitali. Nilikua nikiwaona sokoni wanaume wenye bonde dogo kwenye paji la uso, wakipatana bei ya ndizi kama watu wengine. Ndiyo maana wanawake wa Ekerenyo walimtazama mwendawazimu yule wa kwenye sinema kwa heshima, kama unavyomtazama fundi wa kijiji kingine.

Alipofika mgonjwa wa tatu, mama alianza kusogeasogea kwenye benchi.

"Mong'ina," alimwambia jirani, na hilo ni neno letu la heshima kwa mwanamke mtu mzima, "ndugu za mgonjwa wako wapi?"

"Labda wako nje."

"Nje wapi? Mlango umefungwa. Na kwa nini afanyie ndani, gizani?"

"Labda kwao hakuna jua. Umeona jua hata mara moja?"

"Sikuliona. Lakini nani amesema ndiyo? Omobari hagusi kichwa mpaka ndugu wasimame pande zote, na mmoja aseme kwa sauti kwamba wamekubali. Huyu hakuuliza mtu."

Jirani alifikiri kidogo. "Basi si omobari," akasema. "Ni mwizi wa vichwa."

Hapo ndipo hofu ilipoingia ukumbini. Ilipita kutoka benchi hadi benchi, kimya kimya, kama baridi inayopita chini ya mlango. Kisu hakikuwatisha. Walitishwa na ile nafasi tupu kuzunguka meza, mahali ambapo ndugu walipaswa kusimama. Mama alijifunika uso kwa leso. "Uniambie akimaliza," alisema.

Hakumaliza. Mtu wa saba alikuwa yule mdogo aliyefungua mlango. Alifumbua macho, taa ikabembea, uso ukashuka, midomo ikaanza kusema jambo, na ukanda wa sinema ukakatika. Shuka likabaki jeupe tupu. Wenye gari walihangaika, wakashindwa, wakang'oa mablanketi madirishani, na alasiri yote ikatuingilia kwa mara moja, na harufu ya mvua, na sauti ya ng'ombe. Tulitoka tukipepesa macho. Nilirudi nyumbani bila kujua mtu wa saba aliambiwa nini.

Baadaye mama yangu aliteleza mtoni akajigonga. Kichwa kikamuuma misimu minne mpaka akashindwa kuvumilia mwanga. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Omobari aliyeishi ng'ambo ya bonde letu aliitwa, mtu mtaratibu, mwenye kofia ya kahawia aliyoivua kila alipoingia uani kwa watu. Alimkalisha mama nje, mchana kweupe. Mdogo wangu alishika miguu. Mimi nilishika beseni, na kwa kuwa ndimi niliyekuwa mkubwa, alinigeukia akangoja. Nikasema, "Tumekubali. Fungua." Mama aliishi miaka kumi na minne baada ya siku hiyo, akalima mpaka mwaka wake wa mwisho.

Sasa nifike mahali ninapoona haya.

Nilipokuwa na umri wa miaka arobaini hivi nilichaguliwa katibu wa baraza la kanisa letu. Tulikuwa saba, nami nilikuwa mdogo wao. Yule omobari alikuwa muumini, hakukosa ibada. Lakini kulikuwa na bidii nyingi kanisani wakati huo, na wenzangu walisema kazi yake ni ya kimila, ina mambo yake ya gizani, haifai kukaa pamoja na Injili. Tuliketi nyuma ya meza ndefu. Mzee mmoja alifanya mzaha kuhusu vichwa na maboga, nasi tukacheka. Niliandika barua ya kumwondoa katika ushirika. Katika hao saba, mimi peke yangu nilijua kwa macho yangu kwamba kazi yake ilifanywa juani. Sikusema kitu. Nilikuwa mgeni kwenye ile meza na niliipenda.

Siku ya ibada nilisoma barua hiyo mbele ya watu wote. Yule omobari alisimama akasema, "Naomba neno moja tu."

Nikamjibu, "Muda wa ibada umekwisha."

Alichukua kofia yake kwenye benchi, akamshika mkono binti yake mdogo, na wakatoka kwa ule mlango wa kando. Mimi ndiye niliyekuwa karibu na mlango. Niliufungua wapite.

Unaona jinsi mambo yanavyoweza kufanana. Mimi sikuona. Ilinichukua zaidi ya miaka thelathini kuona, na ilibidi nipigwe kichwani.

Nilipigwa na ndizi. Nilikuwa nakata mkungu nyuma ya nyumba, mgomba ukainama upande nisioutarajia, na mkungu wote ukanishukia utosini. Mke wangu alicheka, nami nikacheka. Wiki kadhaa zikapita. Kisha kichwa kikaanza kuwa kizito asubuhi, maneno yakaanza kunichelewa, na siku moja nikisoma Neno kanisani Biblia ikaponyoka kutoka mkono wa kushoto ikaanguka. Niliutazama mkono. Ulikuwa umetulia kama mkono wa mtu mwingine.

Huko Kisii waliniingiza katika mashine, kisha wakaniketisha mbele ya picha ya kichwa changu, nyeusi na nyeupe. Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Alinionyesha kwa kalamu kitu kama mwezi mwembamba ulioegemea upande wa ndani wa fuvu.

"Hii ni damu, Tata," alisema. Tata ni baba kwa lugha yetu. "Imekusanyika polepole tangu ulipogongwa. Inausukuma ubongo. Nitatoboa matundu mawili hapa na hapa, itoke. Ukiiacha, utalala siku moja usiamke."

"Nitakuwa nimelala ukitoboa?"

"Kwa umri wako nafuu ni dawa ya ganzi na ya kukusinzisha. Utasikia sauti. Maumivu hutasikia."

Akaniuliza natoka wapi. Nilipomwambia, akaweka kalamu chini na kunitazama kwa muda kidogo. Kisha akanitajia ng'ambo ya bonde letu, na nyumba ya baba yake, yule omobari.

Siku mbili zilizofuata sizikumbuki kama siku. Kichwa kilikuwa kizito, usingizi ulikuja na kuondoka mchana kutwa, na pazia la wodi lilikuwa na matundu. Mwanga wa alasiri uliingia kwa nyuzi. Nilifumbua macho nikaona vichwa vya wagonjwa wenzangu kama mawe chini ya maji, na ukuta mweupe, na juu ya ukuta huo yule mwembamba wa kwenye sinema akitembea na taa yake kutoka kitanda hadi kitanda, bila haraka, akihesabu. Sita walikwisha kutangulia mbele ya Mungu, wale wenzangu wa baraza. Nilibaki mimi. Alipofika kwangu nilizinduka, na ilikuwa ni yeye daktari, ameinama, ananimulika macho kwa tochi ndogo.

"Unanikumbuka?" aliniuliza siku ya pili.

Nilisema, "Wewe ni daktari." Akaandika kitu akaenda.

Niliomba. Mwanzo niliomba aondoke na aletwe mwingine. Kisha niliona aibu ya ombi hilo, nikalala kimya, na katika kimya hicho nikasikia sauti ya mama yangu ikiuliza kwenye benchi: nani amesema ndiyo? Nikaelewa kwamba sitaweza kusema ndiyo kwa mtu huyu nikiwa nimeficha mkono mmoja mgongoni.

Asubuhi ya upasuaji, saa nne, jua limejaa wodini, alikuja na fomu. Mke wangu alikuwako, na binti yetu, na mdogo wangu aliyetoka nyumbani alfajiri.

"Tia sahihi hapa, Tata. Mkono wa kulia uko sawa?"

"Uko sawa. Lakini nina neno."

"Omogaka," mke wangu akasema, maana ndivyo anavyoniita, mzee, "daktari ana watu wengine wa kuwaona."

"Mwache aseme, mama," daktari alisema.

Nikasema, "Mimi ndiye niliyesoma barua ya baba yako."

"Najua. Nilikuwa nimekaa safu ya tatu. Ulivaa tai ya kijani."

"Tai hiyo bado iko," mke wangu akasema polepole. "Inafungia mlango wa kuku."

Daktari alikaribia kutabasamu. Nilijua nikinyamaza hapo jambo litapita, na watu wataniona nimefanya vizuri. Nikaendelea. "Hujui yote. Baba yako alikifungua kichwa cha mama yangu. Mimi ndimi niliyemwambia afungue. Nililijua hilo nilipokuwa naandika, nikalijua nikisoma, nikalijua nilipomnyima neno lake moja. Nilikukosea wewe na nilimkosea yeye."

Mdogo wangu alikuwa akitazama viatu vyake. "Ni kweli," alisema mwishowe. "Mimi nilishika miguu."

"Aliishi?" daktari aliuliza.

"Nani?"

"Mama yenu. Baada ya hapo."

"Miaka kumi na minne. Alilima mpaka mwaka wa mwisho."

Aliikunja fomu, akaikunjua. "Baba angependa kulisikia hilo," alisema. "Watu walikuwa wakipona, kisha wananyamaza. Alikuwa akituuliza wakati mwingine mezani, mnafikiri yule mama wa ng'ambo anaendeleaje?" Akaiweka fomu kitandani. "Tata, sina ruhusa ya kukusamehe kwa niaba yake. Kwa niaba yangu, bado sijui. Lakini kichwa chako nitakifungua vizuri. Hayo ni mambo mawili, usiyachanganye."

"Nimeelewa."

"Haya, tia sahihi."

Nikatia. Nilidhani ataondoka. Badala yake alitazama pande zote za kitanda, mke wangu hapa, binti yetu pale, mdogo wangu miguuni, akakunja mikono kifuani na kungoja, kama baba yake alivyongoja uani kwetu.

"Nani anasema?" aliuliza.

Mdogo wangu aliinua uso. "Tumekubali," alisema. "Fungua."

Katika chumba cha upasuaji taa haikubembea. Ilikuwa taa kubwa, imetulia, nyeupe. Walininyoa, na nikawaza kwamba mama angesema wananyoa vizuri. Dawa ilinishusha mahali fulani kati ya kulala na kuamka. Nilisikia keekee ikitoboa, kama nyuki aliye ndani ya ukuta wa nyumba ya jirani. Nilisikia maji. Na ile sinema ikaendelea mahali ilipokatikia. Mtu wa saba alikuwa mezani, mlango wa ile nyumba ya mwambani ukafunguliwa, wakaanza kuingia watu: mama yangu na leso yake, jirani wa benchi la mbele, mdogo wangu akiwa kijana, na wengine nisiowajua, wanawake wa Ekerenyo, wengi, wenye majembe na vikapu vya majani chai, wakaijaza ile nafasi tupu kuzunguka meza. Pazia likavutwa. Huko nje ya nyumba ile kulikuwa na jua wakati wote. Yule mwembamba akaweka kisu chini akauliza jambo, na mtu wa saba akamjibu, na sikusikia alichojibu kwa sababu daktari alikuwa akiniambia, "Tata, inua mkono wa kushoto." Nikauinua. Ulikuwa wangu.

Nilipotoka hospitalini nilimsimulia mjukuu wangu sinema hiyo, naye akatafuta kwenye simu yake mpaka akaipata. Sikutaka kuitazama. Aliitazama yeye kwenye kiti cha uani huku akimenya viazi.

"Sokoro," aliniambia, yaani babu, "si saba. Ni watano tu."

"Wawe watano."

"Na taa haibembei."

"Basi. Mwisho ni nini?"

"Nyumba inaungua. Daktari anafia ndani. Yule mdogo wao aliyefungua mlango anatoka."

"Kuna yeyote aliyemwambia daktari kwamba walimkosea?"

Alifikiri. "Hapana. Wanapiga kelele tu."

Nilimsikitikia yule mtu. Miaka yote hiyo juu ya mwamba, na watu wote wale waliopita chini ya taa yake, na hakuna hata mmoja aliyelitamka kosa lao.

Ibada iliyofuata niliomba nafasi. Nilisimama pale pale, kichwa kimefungwa bandeji, nikasoma barua ya pili, inayosema yale ambayo ile ya kwanza iliyaacha, pamoja na mama yangu, beseni, na jua. Mjane wa omobari alikuwa ameletwa na mtu, kikongwe sasa, amekaa safu ya tatu. Mkononi alikuwa na mkongojo. Hakuangua kilio wala hakutabasamu. Baraza lilirudisha jina la marehemu katika kitabu cha kanisa, mahali lilipokuwa limekatwa, kwa wino mwingine. Mjane aliomba aonyeshwe. Aliweka kidole juu ya jina akakiacha hapo muda mrefu, nasi tukangoja.

Nilirudi Kisii kutolewa nyuzi. Daktari alizikata moja moja. Kisha akasema, "Mama ameniambia ulisoma."

"Nilisoma."

"Anasema ulisoma haraka mno."

"Nitasoma tena polepole."

"Muulize yeye. Anapenda kutembelewa asubuhi." Alinyoosha vidole viwili mbele yangu. "Mkono wa kushoto. Finya."

Nikafinya.

"Zaidi, Tata. Mimi sivunjiki."

Nikafinya zaidi, na hakuvitoa vidole vyake upesi.

Uji umepoa, nimeitwa mara ya tatu. Leo nitavuka bonde kumsomea yule mama, polepole.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akulindie kichwa chako na yaliyomo. Akupe ndugu wa kusimama pande zote za kitanda chako, na mchana mweupe wa kutosha kusema uliloliacha. Na yule uliyemfungulia mlango akatoka, Bwana ambariki huko aliko, amweke hai mpaka umfikie.